Kampuni Iliyojifunza Kuuza Sekunde

Hotuba iliyotolewa Mombasa mbele ya mawakala wa pesa za simu na wanafunzi wa masomo ya biashara. Imepangwa upya kidogo ili isomeke.

Wazee wetu, walimu wenzangu, mama zangu na dada zangu wenye vibanda, na nyinyi vijana mnaosomea biashara: salaam aleikum, hamjambo nyote.

Nimeombwa nizungumzie historia ya kampuni ya simu ya Safaricom, nami nimekubali kwa furaha. Wengi mlioketi hapa mnaishi ndani ya historia hiyo kila siku, kuanzia saa moja asubuhi mnapofungua dirisha la kibanda, mkahesabu noti na kuangalia floti, yaani pesa za kwenye simu, iliyobaki jana. Hata hivyo, inaposimuliwa, huwa ni historia ya minara, mitambo na wakurugenzi. Nyinyi hamtajwi. Mimi nimeifuatilia kwa miaka mingi kama mwalimu wa biashara, na naamini kampuni hii ilikua kila ilipokubali kumhudumia mtu mwenye shilingi chache. Tena naamini kwamba hatua zake kubwa zilitokana na mambo ambayo wateja walikuwa wameshaanza kuyafanya wenyewe, kampuni ikaja nyuma yao ikayawekea jina na bei. Hilo ndilo nitakalolitetea.

Vijana hamkuziona simu za zamani, kwa hivyo nianzie huko. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, shirika la pamoja la posta na simu liligawanywa, na Kenya ikaunda lake, KPTC. Shirika hilo moja lilibeba barua, likaendesha simu, na lenyewe ndilo lililoamua nani mwingine aruhusiwe kuingia katika biashara hiyo. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990, nchi ambayo sensa ya 1999 iliihesabu kuwa na watu milioni 28.7 ilikuwa na laini za waya takriban 300,000, na nyingi zilikuwa mijini. Ukiomba laini ya nyumbani ulijaza fomu ukasubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kwa miaka. Wazee mnakumbuka foleni za vibanda vya simu za sarafu, na jinsi habari ya msiba kijijini ilivyomfikia mtu wa mjini baada ya mazishi.

Mwaka 1993 shirika lilianzisha simu za mkononi, za mtambo wa analogi. Kumiliki simu hiyo kuligharimu karibu shilingi 250,000. Hapakuwa na mfanyakazi wa kawaida wa Kenya aliyeweza kuifikiria, sembuse mkulima. Ikawa simu ya mawaziri, wenye mahoteli na wakurugenzi. Hadi mwaka 1999, baada ya miaka sita ya biashara, watumiaji nchi nzima hawakufika 20,000. Naomba wanafunzi mkiandike kiasi hicho kwenye madaftari yenu, kwa sababu wako watu waliokiangalia wakasema kwamba Wakenya hawana haja ya simu za mkononi.

Safaricom ilisajiliwa mwezi Aprili 1997 ikiwa kampuni tanzu ndani ya mikono ya serikali. Mwaka 1998 ikapitishwa Sheria ya Mawasiliano, na 1999 KPTC ikavunjwa vipande vitatu: Telkom Kenya ikachukua simu, Shirika la Posta likachukua barua, na Tume ya Mawasiliano ikawa mdhibiti. Safaricom ikabaki chini ya Telkom. Mwezi Mei 2000 Vodafone ya Uingereza ikaingia kwa asilimia 40 ya hisa pamoja na jukumu la kuendesha kampuni. Miaka michache baadaye ilibainika kwamba ndani ya fungu hilo la Vodafone palikuwa na kampuni iliyosajiliwa katika kisiwa cha Guernsey kwa jina la Mobitelea, na wabunge wakauliza wenye kampuni hiyo ni akina nani. Ni sehemu ya historia hii, na ninyi mnaosoma habari za umiliki wa makampuni mna haki ya kuijua.

Mwezi Julai mwaka 2000 akaja Michael Joseph kuiongoza kampuni, mtu mwenye asili ya Afrika Kusini aliyetokea kwenye mtandao wa Vodafone wa Hungaria. Alikuta wateja wasiofika 20,000. Mwaka huo huo mshindani, Kencell, naye akafungua milango. Kampuni mbili, nchi moja, mitambo inayofanana. Palepale zikashika njia mbili tofauti.

Kencell ilitoza kwa dakika. Safaricom ilitoza kwa sekunde. Kwa mtu mwenye fedha tofauti hiyo ilikuwa ndogo, kwa sababu mazungumzo yake yalichukua dakika nyingi. Sasa mfikirie kijana aliyeshuka kwenye basi Nairobi akitokea Kitui. Anataka kusema maneno matatu tu: mama, nimefika salama. Hayo ni maneno ya sekunde nane. Kwa mwenye kutoza dakika, sekunde nane ni dakika nzima. Kwa mwenye kutoza sekunde, ni sekunde nane. Kijana yule hakuhitaji mshauri wa biashara amwambie anunue laini ipi.

Halafu zikaja kadi. Za mwanzo zilikuwa za mamia ya shilingi, na mtu alilazimika kujipanga kabla ya kununua. Baadaye zikashuka hadi mia, hamsini, ishirini, kumi, na mwishowe shilingi tano. Bamba 50, Bamba 20, mnayakumbuka majina hayo. Mwenye duka wa mtaani ameuza hivyo tangu zamani: mafuta ya kupikia kwa kipimo, majani ya chai kwa kijipakiti cha siku moja, kwa sababu anamjua mteja wake, mtu anayelipwa jioni na kutumia usiku huohuo. Safaricom ilimwiga mwenye duka. Tena haikumwiga tu, ilimwajiri bila ya kumwajiri. Kadi ndogo zilihitaji mahali pengi pa kuuziwa, kwa hivyo kila kioski, kila meza ya mboga, kila mlango wa saluni ukawa na kadi za kijani zikining'inia. Kuweka kadi hizo hakukugharimu kampuni hata kodi ya chumba kimoja. Mzikumbuke meza hizo, maana nitazirudia nitakapofika mwaka 2007.

Wakati huohuo wananchi walikuwa wakibuni yao. Asiye na salio alipiga simu ikalia mara moja akakata. Tuliita kuflashi. Mwenzako akiona namba yako anajua kwamba anatakiwa apige. Makubaliano yakazaliwa: mdogo humflashi mkubwa, mchumba wa kike humflashi wa kiume, mfanyakazi humflashi bosi akiwa na jambo la kazi. Kwa kampuni huu ulikuwa mzigo, kwa sababu mtambo unafanya kazi na hakuna senti inayoingia. Ingewezekana kuwapiga vita watu wale. Badala yake ikatolewa huduma ya kutuma ujumbe wa bure wa kuomba upigiwe. Kisha ikaja Sambaza, ambayo ilimwezesha mtu kumgawia mwenzake salio lake. Kisha Okoa Jahazi, salio la mkopo kwa aliyeishiwa usiku wakati maduka yamefungwa. Angalia mpangilio: kila moja ya huduma hizi ni jibu kwa mtu aliyeishiwa. Sijui biashara nyingi ambazo zimefikiria kwa bidii namna hiyo kuhusu mteja asiye na kitu mfukoni.

Michael Joseph mwenyewe aliwahi kuwakera wananchi aliposema kwamba Wakenya wana tabia za ajabu za kupiga simu, kwa kuwa walisubiri saa za bei nafuu kisha wote wakapiga kwa pamoja, mtandao ukajaa. Watu walikasirika, na walikuwa na haki ya kukasirika. Anayesubiri saa ya bei nafuu ana akili timamu kabisa. Lakini nampa haki yake: aliwaangalia wateja kwa makini kuliko washindani wake. Alipoondoka mwezi Novemba 2010, kampuni aliyoikuta na watu wasiofika 20,000 ilikuwa imevuka wateja milioni 16.

Sasa nifike kwenye M-Pesa, na hapa mniruhusu nikae kidogo.

Wazo halikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Vodafone ilikuwa na mtu anayeitwa Nick Hughes, aliyeomba fedha za mfuko wa serikali ya Uingereza uliokusudiwa kuwafikishia maskini huduma za fedha. Akashirikiana na Susie Lonie, ambaye alikuja Kenya kulisimamia jambo lenyewe. Walichotaka kukijaribu kilikuwa kidogo: wakopaji wa Faulu, taasisi ya mikopo midogo, waweze kulipa marejesho kwa simu badala ya kupoteza nusu siku wakienda kwenye kikao cha kikundi. Majaribio yalianza Oktoba 2005, Nairobi na Thika, kwa wateja wasiofika 500 na maduka machache ya mawakala.

Kwenye vyuo vyetu husimuliwa kwamba mwanafunzi wa Kikenya alibuni M-Pesa akanyang'anywa. Najua inapendeza kuiamini. Ila kumbukumbu zilizopo zinaonyesha mradi wa Vodafone, fedha za Uingereza, na programu iliyoandikwa na kampuni ya Sagentia ya huko huko. Ukitaka kutafuta mchango wa Wakenya, na ni mkubwa mno, usiutafute kwa mtu mmoja aliyeibiwa. Utafute kwenye yale waliyoyafanya wale wateja wasiofika 500.

Maana hawakuitumia kama walivyoelekezwa. Walipewa chombo cha kulipia mikopo, wakagundua matumizi yao. Mmoja ananunua salio kwa simu na kumtumia ndugu aliye mashambani. Mwingine anasafiri kwenda kununua bidhaa, anaweka pesa kwa wakala asubuhi kabla ya kupanda gari, anazitoa kwa wakala mwingine akifika, ili asibebe noti njiani. Wenye biashara wakaweka mauzo ya jioni kwa wakala kwa sababu benki ilikuwa imeshafunga. Mwenzako akikwama, unamtumia. Upande wa Faulu, hesabu za vikundi hazikuoana vizuri na mfumo mpya, na shughuli ya marejesho ya mikopo ikawa ngumu kuliko ilivyotarajiwa. Waliokuwa wakiendesha majaribio wakafanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi wa biashara alisome mara mbili: waliliacha kusudi lao na kulifuata la wateja. M-Pesa ilipozinduliwa rasmi tarehe 6 Machi 2007, haikutaja mikopo. Iliahidi kitu kimoja, kutuma pesa nyumbani.

Kila mtu alilielewa. Kabla ya hapo, mtoto anayefanya kazi mjini alikuwa na njia gani? Bahasha mkononi mwa dereva wa basi, au rafiki anayesafiri, au hati ya posta ambayo mama angetembea kwenda kuichukua, akiambiwa arudi kesho kwa sababu leo pesa hazipo. Sasa ikawa shilingi 30 kutuma, na mama akitoa hadi shilingi 2,500 anakatwa 25. Kuweka ni bure. Menyu ilikuwa ndani ya laini yenyewe, kwa hivyo simu ya bei ya chini kabisa, isiyo na intaneti, ilitosha. Kabla ya mwaka kutimia, waliojisajili walikuwa wamepita milioni moja.

Na hapa ndipo zile meza za kadi zilipolipa. Benki iliyotaka kuwafikia watu wale ingelazimika kujenga matawi, kuweka vyuma madirishani, kuajiri walinzi. Safaricom ilikuwa na wauzaji wa kadi ambao tayari walijulikana mtaani kwa majina. Wakawa mawakala. Kwa wanafunzi, nieleze mambo yalivyo, maana wengi mnatumia huduma hii bila kujua upande wa pili wa dirisha. Wakala huweka fedha zake benki na kupata kiasi hichohicho kwenye simu. Hiyo ndiyo floti. Mteja akileta noti kuweka, wakala anapokea noti na kupungukiwa na floti. Mteja akija kutoa, wakala anapungukiwa na noti na kuongezewa floti. Siku nzima anacheza kati ya viwili hivyo. Ijumaa mjini watu huweka na floti huisha. Kijijini wikendi hiyohiyo watu hutoa, na noti huisha. Asipoviweka sawa, mteja anaondoka, na jirani ana kibanda. Akina mama walioacha shule darasa la saba wameifanya hesabu hii kichwani kila siku kwa miaka. Mimi nimeifundisha kwenye ubao na najua ugumu wake.

Pesa zenyewe hazikuwa za Safaricom. Ziliwekwa katika akaunti ya amana, mwanzoni kwenye Commercial Bank of Africa, na kampuni haikuruhusiwa kuzikopesha wala kuzitumia. Kwa msingi huo Benki Kuu, chini ya Gavana Njuguna Ndung'u, haikuzuia huduma ingawa sheria ya malipo ya simu haikuwepo. Mabenki hayakufurahi. Mwezi Desemba 2008 John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, aliagiza M-Pesa ikaguliwe. Ukaguzi ukaonyesha huduma ni salama. Sheria ya mifumo ya malipo ilikuja 2011 na kanuni zake 2014, miaka saba baada ya mama wa kijijini kuanza kupokea pesa. Wapo wanaoona Benki Kuu ilijasiri kupita kiasi. Mimi naona ilifanya kazi yake vizuri: ililinda amana, ikaacha watu waendelee.

Kilichoifanya M-Pesa iaminike hakikuwa tangazo lolote. Ni majira yale mabaya ya mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi. Barabara zimefungwa, maduka yamefungwa, benki zimefungwa, watu wamejifungia majumbani wakiogopa. Ndugu waliokuwa mahali salama waliwatumia salio na pesa wale waliokwama, wapate kupiga simu, wapate nauli ya kutoka, wapate unga. Huduma ilikuwa haijatimiza mwaka. Aliyeokolewa na kitu siku kama hizo hahitaji kushawishiwa tena.

Mwaka 2016 watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha katika jarida la Science matokeo ya miaka mingi ya kufuatilia kaya za Kenya. Waliona M-Pesa imeziinua kaya 194,000, sawa na asilimia mbili ya kaya za nchi, kutoka kwenye umaskini mkubwa, na manufaa yalikuwa makubwa zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Walipima nini ili kufikia hapo? Walipima jinsi mawakala walivyoongezeka karibu na kila kaya. Mawakala, dada zangu. Kaya iliyopata mawakala wengi karibu ndiyo iliyobadilika zaidi.

Yaliyofuata nitayapitia haraka, kwa sababu mengi mnayajua. Mwaka 2008 serikali iliuza robo ya kampuni kwa umma, hisa bilioni 10 kwa shilingi tano kila moja. Waombaji walikuwa takriban 860,000, wengi wao hawakuwahi kununua hisa maishani, na wengine walikopa benki ili wanunue. Hisa zilizoombwa zilikuwa nyingi kuliko zilizokuwepo, na wadogo walipata sehemu ndogo tu ya walichoomba. Tarehe 9 Juni hisa zikaanza kuuzwa Soko la Hisa la Nairobi, zikapanda kidogo, na kabla ya mwaka kwisha zilikuwa chini ya shilingi tano. Wengi waliuza kwa hasara. Waliongoja waliziona zikipita shilingi 40 mwaka 2021. Aliyekopa hakuweza kungoja. Riba ya benki haisubiri soko. Linaniuma hadi leo, kwa sababu watu wale walikuwa wateja waliotaka kumiliki kidogo cha kitu walichokijenga.

Agosti 2010 Zain, iliyokuwa Kencell na Celtel na ambayo leo ni Airtel, ilishusha bei ya simu hadi shilingi tatu kwa dakika, na wengine wakalazimika kufuata. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilikuwa zimefika hapa hapa Mombasa, na intaneti ikaacha kutegemea setilaiti peke yake. Bob Collymore, mzaliwa wa Guyana, akaiongoza kampuni kutoka Novemba 2010 hadi alipofariki tarehe 1 Julai 2019. Wakati wake ilikuja Lipa na M-Pesa, huduma ya kulipa dukani kwa simu, na mitambo ya M-Pesa iliyokuwa Ujerumani ikahamishiwa Kenya mwaka 2015. Aprili 2020 akaingia Peter Ndegwa, Mkenya wa kwanza kushika kiti hicho.

Mikopo siwezi kuipita haraka.

Novemba 2012 ilikuja M-Shwari, akiba na mkopo mdogo kwenye simu, kwa ada ya asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Januari 2019 ikaja Fuliza: ukilipa kitu na salio halitoshi, mfumo unakujazia, kisha pesa yoyote ikiingia inakatwa kwanza. Kwa mtindo, ni Okoa Jahazi iliyovaa nguo kubwa. Ni msaada kwa aliyeishiwa, na naweza kuutetea kwa sababu nimeona mtu akinunua dawa usiku kwa Fuliza. Lakini Okoa Jahazi ilikuwa deni la salio. Fuliza ni deni la unga, la nauli, la karo, na ada yake ilihesabiwa siku kwa siku. Mwaka 2022 ada hizo zikapunguzwa, na lilikuwa jambo jema. Hata hivyo nawaambia wazi: kampuni iliyokua kwa kumuuzia maskini sekunde nane badala ya dakika inatakiwa ipime deni lake kwa kipimo kilekile. Mtu ambaye kila mshahara ukiingia unamezwa kabla hajauona hajahudumiwa. Nikipata nafasi ya kusema na wakurugenzi, nitawaambia hivyo kwa maneno haya haya.

Na mawakala. Hadi mwaka 2014 wakala wa M-Pesa alizuiwa kuhudumia mitandao mingine. Mwezi Julai mwaka huo Mamlaka ya Ushindani iliifanya Safaricom iondoe sharti hilo, na mwaka 2018 ikawezekana kutumiana pesa moja kwa moja kati ya mitandao. Leo wateja wa M-Pesa nchini ni zaidi ya milioni 30, na mawakala ni zaidi ya 200,000. Idadi hiyo inasikika vizuri kwenye ripoti. Kwa mwenye kibanda ina maana ya vibanda vinne kwenye kona moja, wote wakigawana wateja walewale, huku watu wakizidi kulipa dukani kwa simu bila ya kutoa noti. Kamisheni anayolipwa wakala inapungua, lakini hatari haipungui: jambazi anajua una noti, tapeli anakutumia ujumbe wa uongo, na floti ni mtaji wako, si wa kampuni. Nawasihi wenye vibanda msitegemee kamisheni peke yake. Uza kitu kingine dirishani. Na kwa pamoja daini kamisheni inayolingana na hatari. Mna hoja, na hoja yenyewe imo katika kila ukurasa wa historia niliyowasimulia.

Nimalizie na Ethiopia, kwa sababu vijana wengi huniuliza kampuni inaelekea wapi. Mwaka 2021 muungano unaoongozwa na Safaricom ulipewa leseni huko kwa dola milioni 850. Ulianza katika mji wa Dire Dawa Agosti 2022, ukafungua Addis Ababa Oktoba mwaka huohuo, na M-Pesa ikafuata Agosti 2023. Nchi ina zaidi ya watu milioni mia moja, na hadi wakati huo ilikuwa na kampuni moja tu ya simu, ya serikali. Inafanana na Kenya ya 1999, ila kuna tofauti moja kubwa. Ethio Telecom ilikuwa imeshazindua huduma yake ya pesa, Telebirr, tangu Mei 2021, na mamilioni ya watu walikuwa wameshajisajili. Safari hii Safaricom ndiye mgeni aliyechelewa, na fedha ya nchi ile ilishuka thamani sana kuanzia Julai 2024, jambo lililoumiza hesabu zake.

Inaweza kufaulu? Naamini inaweza, lakini sitaangalia minara. Nitaangalia kama inamsikiliza mwenye duka la Dire Dawa, kama imegundua Wahabeshi na Wasomali wa mji ule wanatumianaje pesa sasa, na kama iko tayari kuliacha kusudi lake kwa ajili ya lao, kama ilivyofanyika kwa wateja wasiofika 500 wa Nairobi na Thika.

Upande wangu umekwisha. Muda uliobaki ni wa maswali, na ningeomba wenye vibanda waanze.